Bi Tochi na Mafundi wa Chumba cha Sinema

Dada yangu hakuwahi kumwamini mtu anayepiga mluzi kazini. Tangu ujana wake mpaka alipostaafu alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia nguo katika hospitali kubwa, na anakuambia mashuka yote yaliyopotea pale yalipotea kwa mluzi. Mtu anapita na kikapu, anapiga mluzi kama hana habari na dunia, kumbe kiunoni amejizungushia shuka la wodi. Ndiyo maana alitembea na tochi hata mchana kweupe, akamulika nyuma ya mashine, chini ya meza, ndani ya mapipa. Wafanyakazi wakambandika jina la Bi Tochi. Jina likamfuata hadi nyumbani, na sisi ndugu zake tukalishika, maana lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi.

Mumewe, shemeji yangu, ni mtu wa aina nyingine kabisa. Mpole, maneno haba, ukimwambia jambo anaitikia. Zamani alifanya kazi kwenye jumba la sinema la mjini, juu kule kwenye kijichumba chenye joto kama tanuri, ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya kuonyeshea picha. Jumba likafungwa, likageuzwa ghala la magodoro, naye akahamia kazi ya stoo mpaka akapata pensheni yake. Lakini hata leo tukipita pale anageuza shingo, kama mtu anayepita nyumbani kwa mchumba wa zamani.

Watoto wao walipoondoka wote, wakaamua kuikarabati nyumba. Paa lilikuwa linavuja, na jiko lilikuwa jembamba, watu wawili hawapishani bila kuombana radhi. Dada alitaka mambo chungu nzima. Shemeji akaomba kitu kimoja tu: gereji. Gereji yenyewe haikuwahi kulaza gari. Ililaza baiskeli mbovu na viti vilivyovunjika miguu.

"Nataka niigeuze chumba cha sinema," akasema.

Dada akacheka mpaka akajishikiza ukutani. Kisha akaona mwenzake hacheki, naye akanyamaza. Miaka yote ya ndoa yao huyu mtu hakuwahi kuomba zaidi ya chai ya pili. Akakubali.

Wakampata mkandarasi. Alikuwa mtu wa tabasamu, shati limenyooshwa, kila akifika anauliza hali ya mama kabla ya kuuliza hali ya saruji. Yeye mwenyewe hakushika nyundo. Aliwapa kazi mafundi wengine, kila mmoja na fungu lake. Vibarua wake walijenga fremu za mbao kuzunguka kuta za gereji, wakajaza sufi ya kuzuia sauti, wakafunika kwa mabamba ya jasi. Wiki hiyo dada hakuwepo, alikwenda kumuuguza binti yake aliyejifungua. Aliporudi alikuta kuta zimefungwa na kupakwa rangi ya kwanza, nyeupe pe.

"Sufi yote imo, mama yangu," mkandarasi akamwambia, akipigapiga ukuta kama anambembeleza mtoto. "Hata ukipiga ngoma humu, jirani hatajua."

Shemeji alikuwepo wiki ile nzima, lakini shemeji angeambiwa zile kuta zimejazwa mawingu, angeitikia.

Baada ya hapo ndipo alipoingia seremala, kujenga jukwaa la mbao nyuma ya chumba ili viti vya nyuma viwe juu ya vya mbele, kama sinema ya kweli. Akaja pia fundi sauti, kijana mrefu aliyefunga spika na projekta. Na seremala, kwa bahati yake mbaya, alikuwa mpiga mluzi.

Dada akatoa kiti jikoni, akakiweka ukumbini, mahali anapoona mlango wa gereji bila kugeuka. Hapo ndipo alipokatia mboga, ndipo aliponywea chai, ndipo aliposhonea vifungo. Na kutoka kwenye kiti hicho akaanza kuona mambo.

Akanipigia simu. "Mdogo wangu, njoo unisaidie macho. Nyumba hii kuna kitu."

"Kitu gani, dada?"

"Ningekijua ningekuita?"

Nikaenda. Nikavuta kiti cha pili, tukakaa kama walinzi wa benki. Akaninong'oneza: wakiwa ndani mazungumzo yanakwenda vizuri, cheko na utani, lakini akikaribia tu, mluzi unalia na maneno yanakatika. Tena shemeji anashinda humo humo, na mlango wanaurudishia.

"Labda ni vumbi," nikasema.

"Vumbi linanong'ona?"

Nilikuwa nafikiria la kumjibu ndipo nikasikia mngurumo. Haukuwa sauti hasa; ulianzia kwenye miguu ya kiti ukanipanda magotini. Jikoni vikombe vikaanza kugongana kwenye rafu. Ukanyamaza, ukaja tena.

"Wanachimba!" dada akasema. Kabla sijasimama alikuwa ameshafika mlangoni na kuusukuma.

Sitasahau tulichokiona. Seremala alikuwa amelala chali, nusu mwili chini ya jukwaa. Fundi sauti amechuchumaa pembeni na rimoti mkononi. Na shemeji yangu, mtu mzima mwenye wajukuu, alikuwa amelala kifudifudi juu ya mbao, shavu limegusa ubao, macho amefumba, na usoni ana furaha ambayo sijaiona siku nyingi.

"Kuna nini hapa?" dada akauliza.

Seremala akatoka chini, amejaa unga wa mbao kichwani. "Tunapima mbao, mama. Kama zinabeba uzito."

Shemeji naye akainuka akijipangusa. "Nilidondosha funguo," akasema.

Wawili hao wakatazamana. Fundi sauti akainamia rimoti yake kana kwamba imeandikwa aya.

Dada alirudi kitini, akachukua kisu na karoti, akaikata kwa namna ambayo sikuipenda.

Jioni, tukiwa mezani, akamkabili mumewe. "Baba watoto, mnanificha nini mle ndani?"

Shemeji akatafuna, akameza, akatabasamu. "Fundi rangi? Kasema atakuja Jumatatu."

Dada akaweka kijiko chini taratibu. Alipokuja kunisindikiza getini, sauti yake ilikuwa imepungua. "Umemsikia? Siku hizi ndivyo anavyonijibu. Namuuliza hili, ananipa lile. Mume wangu ananipiga chenga mezani kwangu, mbele ya mdogo wangu." Nikamwambia asichukulie hivyo, lakini hata mimi moyoni nilianza kujiuliza. Shemeji, mtu wa kuitikia, amejifunzia wapi kukwepa?

Siku chache baadaye shaka ikapata mwili. Seremala alikuwa anaondoka mchana, mapema kuliko kawaida, kiroba begani. Dada akamfuata mpaka getini.

"Fundi, kiroba hicho kina nini?"

"Vifaa vyangu, mama."

"Fungua."

"Mama, vifaa tu."

"Nimesema fungua."

Akafungua. Juu kulikuwa na randa na msumeno. Chini yake kitu cha chuma cha mviringo, kama bakuli lililofunikwa, kina mkia wa waya. Kilikuwa kipya, kinang'aa.

"Hiki nacho ni randa?"

Seremala akakitazama, akamtazama dada, akatazama dirisha la gereji. "Muulize mzee," akasema.

"Nakuuliza wewe."

"Mama, mimi siwezi. Muulize mzee."

Basi hapo dada yangu akapasuka. Alipaza sauti mpaka mwenye duka la ng'ambo akatoka kusimama kibarazani. Mwizi! Anakula mkate wa watu na kuwachomolea vyombo! Watu wakajaa barabarani wakijifanya wanapita. Seremala alikitoa kile chuma, akakiweka juu ya nguzo ya geti kwa uangalifu kama yai, akafunga kiroba chake, akasema, "Sawa, mama," akaenda zake. Hakupiga mluzi.

Shemeji alikuwa ndani ya gereji muda wote huo, hatua chache tu kutoka getini. Hakutoka. Dada akaliona hilo, akaliweka moyoni.

Akampigia mkandarasi, naye akafika haraka, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Mama yangu, una jicho! Huyo bwana mimi nilimshuku kitambo. Usijali, nitaleta mwingine kesho."

Alipoondoka, dada alibaki amesimama ukumbini mikono kiunoni. Nilidhani ameridhika.

"Umesikia alichosema?" akaniuliza.

"Kwamba una jicho."

"Kwamba alimshuku kitambo. Kama alimshuku kitambo, alimwachiaje nyumba yangu?" Akakaa, akasimama tena. "Tena amekubali upesi mno. Mkubwa wa kazi akiambiwa mtu wake ni mwizi, kwanza hukataa. Mimi nilikuwa mkubwa wa kazi. Nilikataa kila mara, hata pale nilipojua."

Akaingia gereji, nikamfuata. Shemeji alikuwa anapanga waya, akatuinamishia kichwa. Dada akaanza kubisha kuta kwa kifundo cha kidole, hapa na pale, sikio limeinama. Sehemu moja ilisikika imejaa, nyingine ilisikika kama debe. Akafika kwenye shimo la soketi ambayo haijafungwa kifuniko, akaingiza vidole viwili, akachezacheza, akavuta. Kikatoka kipande cha boksi la katoni, lile la kufungia sabuni.

Tukatazamana.

Akavuta tena. Kikatoka kipande cha sponji ya godoro kuukuu, ya manjano, inanuka mkojo wa panya. Dada yangu ameishi na vitambaa na pamba maisha yake yote. Hakuhitaji kuambiwa hiyo si sufi.

"Lete nyundo," akasema.

Alipiga ukuta kwa hasira ya wiki nzima. Pigo la kwanza, tundu. La pili, ufa. Mimi nikajishika masikio. La tatu, bamba zima la jasi likakatika na kuanguka sakafuni kwa kishindo kilichofanya mbwa wa jirani abweke. Yakamwagika makatoni, sponji, magazeti yaliyosokotwa, mfuko wa saruji mtupu, na katikati ya takataka zote hizo nyaya za umeme zimepita wazi, hazina hata bomba. Cheche moja tu ingetosha.

Nilikuwa nataka kusema hivyo, lakini nikamwona dada hatazami ukuta. Anamtazama mumewe.

Shemeji alikuwa ametugeuzia mgongo, ameinama juu ya nyaya zake, anachagua nyekundu na nyeusi. Hakuwa amegeuka kwa pigo la kwanza. Hakugeuka kwa bamba. Vumbi jeupe lilipomfikia puani ndipo alipopiga chafya, akageuka, akaona ukuta uko chini, akaruka kwa mshtuko.

"Mama watoto! Umefanya nini?"

Nyundo ikamshuka dada mkononi. Akasogea karibu naye, akasema kwa sauti ndogo, midomo ikitembea polepole: "Tangu lini?"

Shemeji akaisoma ile midomo. Kisha akakaa kwenye jukwaa, kama mtu aliyetua mzigo.

Tangu muda mrefu, akasema. Kwanza zilipotea sauti nyembamba: ndege, kengele ya geti, filimbi ya birika. Halafu maneno yakaanza kumfikia yamekatika katikati, akawa anakisia yaliyobaki. Aliyegundua ni fundi sauti, siku alipomuuliza spika ipi inalia, ya kulia au ya kushoto, na shemeji akaonyesha ile iliyozimwa. Akawaomba yeye na seremala wanyamaze. Nao wakamtafutia vile vyuma vya mviringo, vinavyofungwa chini ya jukwaa na kutikisa mbao kufuata sauti ya picha, ili asichokisikia kwa masikio kimpande kwa nyayo. Kimoja kilikuja kibovu. Seremala alikuwa anakirudisha dukani.

"Na mimi?" dada akauliza. "Mafundi wajue, mimi nisijue?"

Ikabidi arudie, kwa sauti kubwa zaidi.

"Wewe ungenishika mkono kunivusha barabara," shemeji akajibu. "Ungewaambia watoto, ungewaambia majirani, kila mtu angekuwa ananipigia kelele usoni. Nilitaka chumba kimoja tu ambamo sijapungukiwa na kitu."

Dada akakaa jukwaani kando yake, wote wawili weupe kwa vumbi kama waokaji.

Lakini Bi Tochi hakai muda mrefu. Mkandarasi aliitwa, akaja na tabasamu lake. Alipoona ukuta, tabasamu likayumba kidogo, likasimama tena.

"Mama yangu, hii ni kazi ya yule seremala. Si nilikuambia?"

"Seremala alianza kazi mimi nikiwa nimesharudi," dada akasema. "Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti pale. Kuta nilizikuta zimefungwa, na ni wewe uliyenipigiapigia ukuta ukaniambia sufi imo."

Akasema anakwenda kuwaita vijana wake warekebishe. Akaenda moja kwa moja. Simu ikawa haipokelewi.

Kesho yake dada alijaza magunia makatoni na sponji, akanibebesha moja, tukaenda ofisini kwake. Tulimkuta amekaa na mume na mke waliovaa vizuri, wameinamia ramani ya nyumba yao mpya. Dada aliwasalimia kwa adabu zote, akawaomba radhi kwa kuwakatiza, kisha akamwaga gunia lake juu ya ile ramani.

"Hii ndiyo sufi anayoweka," akawaambia. "Mimi nimekuja kumrudishia tu, nisije nikaitwa mwizi."

Yule mke akainuka, akajikung'uta sketi yake, akachukua mkoba. Hatukungoja kuona mwisho. Asubuhi iliyofuata vibarua walikuwa getini na sufi halisi, na safari hii kila fremu ilijazwa dada akiwa amesimama nyuma yao, na nyaya zikapitishwa kwenye mabomba mbele ya macho yake. Mkandarasi mwenyewe hakurudi kusalimia.

Ikabaki habari ya seremala. Dada aliizungukazunguka siku kadhaa. Leo ana mafua, kesho ana wageni. Mwishowe akanijia amevaa viatu vya kutokea. "Twende," akasema, nami sikumuuliza wapi.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga nafaka. Tulimkuta anapiga randa ubao wa mlango. Alituona, akamaliza mkono aliouanza, ndipo akaweka randa chini.

"Nilikuita mwizi," dada akasema. "Hukuwa mwizi. Nimekuja kukuomba msamaha."

Seremala akapangusa ubao kwa kiganja. "Mama, uliniita mwizi getini kwako. Hapa kwangu hakuna aliyenisikia nikiitwa hivyo."

"Nimekuelewa."

"Ila na mimi nina langu," akaongeza, bado anautazama ubao. "Nilipotoboa ukuta kushikiza jukwaa, niliyaona makatoni."

Dada akakakamaa. "Uliyaona?"

"Niliyaona."

"Ukanyamaza! Nyaya zimepita mle wazi wazi, mume wangu hasikii hata king'ora, ukanyamaza!"

"Yule bwana ndiye anayenipa kazi, mama. Ukimsema mmoja, wakandarasi wote wanakufungia mlango."

Nilidhani tutaanza upya. Dada alivuta pumzi kwa pua, akaitoa, akaivuta tena. "Hilo sitakusamehe leo," akasema. "Lakini la wizi ni deni langu. Njoo kesho asubuhi."

Akaja. Dada alimngoja getini, na seremala alipofika akaanza kunadi kama muuza samaki: jamani, huyu ni fundi wangu, si mwizi, nilimsingizia, aliyesikia lile asikie na hili! Mwenye duka akatoka tena kibarazani. Mtoto mmoja akapiga makofi. Seremala alisimama na kiroba chake begani, aibu imemjaa kuliko siku ile ya kwanza, akamwomba anyamaze. Akamaliza jukwaa. Na dada hakuzungumza naye ila habari za mbao na misumari, mpaka kazi ilipokwisha.

Siku ya kuonyesha picha ya kwanza tulikaa wote: binti na mtoto wake mchanga, fundi sauti, mimi. Shemeji alivua viatu, akaweka nyayo juu ya mbao. Taa zikazimwa. Ilikuwa picha ya farasi. Walipoanza kukimbia, jukwaa lote likaingiwa na uhai, ukapanda mtikisiko magotini na kifuani. Nilimwona shemeji amefumba macho, ingawa picha ilikuwa nzuri. Kisha nikaona dada naye anavua viatu vyake chini chini, kana kwamba anaiba.

Baadaye alimpeleka kwa daktari wa masikio, wakampa kifaa kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio. Siku hizi anasikia ndege na birika. Ila dada ana neno lake: anasema kila akianza kumweleza jambo refu, mzee hujikuna sikio, na baada ya hapo huitikia ovyo. Anashuku mzee anakizima makusudi.

"Umewahi kumwona?" huniuliza.

Namwambia sijawahi. Nimemwona mara nyingi tu.